Kuficha au kujifichua: SMU na Tennessee

Vyuo vikuu hivi viwili vya Marekani viliadhibiwa kwa kuwalipa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani kinyume cha kanuni, na fedha zenyewe zinakaribiana. SMU (Southern Methodist University) ya Dallas iliwalipa wachezaji 13 takriban dola 61,000 kati ya 1985 na 1986. Tennessee ilitoa karibu dola 60,000 kwa wachezaji, vijana waliokuwa wakiwindwa wajiunge na timu, na familia zao. Adhabu ndizo zilizotofautiana kama usiku na mchana.

SMU walikuwa tayari chini ya uangalizi wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa makosa ya awali, na bado malipo ya kila mwezi, dola 50 hadi 725, yaliendelea. Kibaya zaidi, wakubwa walijua. Bill Clements, aliyewahi kuongoza bodi ya chuo, alikiri Machi 1987 kwamba walikubaliana kuendelea kuwalipa waliokwishaahidiwa hadi wamalize. Kurudia kosa kubwa ndani ya miaka mitano kulifungua mlango wa adhabu kali kuliko zote: msimu wa 1987 ulifutwa, na ule wa 1988 chuo chenyewe kikaufuta.

Tennessee walipopata fununu za makosa yao Novemba 2020 waliajiri mawakili wa nje, wakachunguza, na Januari 2021 wakamfukuza kocha Jeremy Pruitt. Makosa yalizidi 200, mengi yakiwa hoteli na chakula vya bure kwa vijana hao walipotembelea chuo, hata wakati ziara zilipigwa marufuku kwa sababu ya korona. Hukumu ya Julai 2023: faini ya zaidi ya dola milioni 8, uangalizi wa miaka mitano, nafasi 28 za ufadhili wa masomo kwa wachezaji kupunguzwa. Lakini hawakuzuiwa kucheza mechi za baada ya msimu, na hilo ni haki: wachezaji wasiohusika hawapaswi kuadhibiwa.