Programu ya kupanga kitabu cha kiufundi cha kurasa mia tatu, ununue ipi?

Wadau, kama unapanga kitabu cha maelekezo ya mashine, usianze kwa kuuliza programu ipi inatoa kurasa nzuri, siku hizi karibu zote zinatoa. Uliza itakuwaje siku injinia anakuletea mchoro mpya wa sura ya pili na kitabu kimeshaisha. Mimi niliwahi kupanga kitabu cha pampu za maji, kurasa 240, zile "tazama Mchoro 17, uk. 92" zote nimeziandika kwa mkono, ikaongezwa michoro miwili mwanzoni, namba zikasogea, kikaenda kuprintiwa hivyo hivyo, fundi akitafuta valvu ya kutolea presha anakutana na jedwali la grisi. Hapo mtu anaweza kuumia kabisa.

Kwangu namba moja ni FrameMaker ya Adobe. Imetengenezwa kwa kazi hii hii, kila sura ina faili lake, halafu kuna faili la kitabu linalozikusanya, ukibonyeza kuapdeti inahesabu upya michoro, majedwali, yaliyomo na faharasa kwa mpigo mmoja. Na kuna kitu nakipenda sana, unaweza kuweka alama kwenye maandishi kwamba haya ni ya pampu ya umeme, haya ya dizeli, faili ni lile lile ila unatoa PDF mbili tofauti. Ubaya wake ni Windows tu, watu wa Mac waliachwa 2004, na unalipia kila mwezi au mwaka. Mwajiri akilipa, chukua.

Ukilipa mwenyewe nenda LaTeX, mfumo ambao unaandika amri ndani ya maandishi na wenyewe unapanga kurasa, ni bure, na kama kazi imejaa hesabu naipandisha iwe ya kwanza. Unaandika \label kwenye mchoro, \ref pale unapoutaja, basi, namba zinajipanga. Faili lake ni maandishi matupu kwa hiyo hata laptopu ya kizamani inalifungua. Ila jiulize nani atarekebisha kitabu ukihama ofisi, maana anayejua Word tu hataligusa.

Kwa ofisi kama hiyo, ya tatu yangu ni LibreOffice Writer, inafaa kuliko watu wanavyodhani. Bure, ina staili za vichwa (mwonekano unaoupanga mara moja ukafuatwa kitabu kizima), faharasa, na faili mama la kuunganisha sura. Word yenyewe inafanya mengi ya hayo, kama unayo tayari usinunue kitu, jifunze staili kwanza.

InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, ni ya nne, najua watu wa magazeti watabisha. Kwa katalogi yenye picha kubwa ni tamu kweli na sehemu ya kuunganisha sura inayo, lakini kitabu kinachobadilika kila toleo, kwenye FrameMaker huchoki sana kama humo. Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, nzuri kwa brosha na bango, kurasa 300 usiipe.

Kabla hujatoa hela chukua ya majaribio, weka sura tatu, ongeza mchoro sura ya kwanza uone kama namba za sura ya tatu zinasogea, halafu futa mchoro unaotajwa mahali. LaTeX itakuwekea ?? hapo na kukuonya. Programu ikikaa kimya na kukuachia namba ya zamani, hiyo usiinunue.