Hilux ya 5L iliyokata nguvu Kitonga: uzoefu wangu na fundi wa pampu wa Ipogolo

Gari langu ni Hilux ya mwaka 2001, injini 5L, ile dizeli ya lita 3 kasoro kidogo isiyo na tabo. Kazi yake ni kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba katikati kuna mlima Kitonga, na pale gari bovu halijifichi.

Siku hiyo nilikuwa na magunia saba. Tambarare yote lilivuta vizuri. Tulipoanza kupanda, kona ya kwanza gia ya tatu, ya pili nikashuka gia ya pili, halafu ghafla nikasikia injini inalegea. Pedali imefika chini kabisa, lakini sauti inazidi kushuka kama mtu anayekabwa koo. Halikupiga misi wala kuchemsha, na nyuma sikuona moshi. Nilifika gia ya kwanza, kisha likazima. Kijana wangu akaruka kuweka jiwe nyuma ya tairi na matawi barabarani, maana malori yanapanda na kushuka pale bila kupumzika.

Tulikaa kama robo saa. Nikapiga stata, likawaka, likavuta kama halijawahi kuugua. Kilomita chache mbele likarudia. Tukafika mjini usiku kwa mtindo huo wa kwenda na kupumzika, na bei ya vitunguu ya asubuhi ilikuwa imeshatupita.

Kesho yake nikaenda gereji moja kubwa mjini. Sitaitaja. Walinitoza kwanza pesa ya kupima kwa kompyuta. Hapa niseme wazi, kwa sababu wengi tunalipa bila kujua: 5L ya kawaida ina pampu ya kimakenika ya kusukuma dizeli kwenye injini, haina kompyuta ya injini ya kusomwa. Yenye umeme kwenye pampu ni 5L-E, na yangu siyo. Sasa walisoma nini? Walinibadilishia filta ya dizeli na ya hewa, gari likaenda vizuri siku tatu, kisha Kitonga ikanirudisha palepale. Niliporudi kwao jibu likawa fupi: pampu imekufa, lete shilingi laki tisa. Hakuna aliyepanda gari, wala aliyeniuliza lilivyofanya.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa Ipogolo anayeshughulika tu na pampu za dizeli na nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Maelezo haya ni ya huduma yake.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, pampu ya lori imefunguliwa mbele yake juu ya gunia safi. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe. Nikaitikia, nikaanza moja kwa moja kusema pampu imekufa. Akanikatisha kwa upole: "Mwanangu, pampu niachie mimi. Wewe niambie gari lilifanyaje."

Akaniuliza maswali kwa muda mrefu kabla ya kugusa boneti. Linakata likiwa la baridi au la moto? Tambarare linafika spidi gani? Likikata, ukikanyaga zaidi linapanda au linazidi kufa? Ukipumzika linarudi baada ya muda gani? Moshi gani? Mafuta unaweka wapi? Hilo la mwisho lilinichoma kidogo, kwa sababu miezi ile nilikuwa nanunua dizeli ya madumu kando ya barabara ili niokoe hela. Nilimwambia ukweli.

Swali la moshi nililielewa baadaye, aliponifafanulia akiwa anafanya kazi. Injini ya dizeli isiyo na nguvu na inatoa moshi mweusi mzito, mara nyingi mafuta yanafika lakini hewa haitoshi, au nozeli zinamwaga vibaya. Isiyo na nguvu na haitoi moshi wowote hata umekanyaga mwisho, hiyo inalilia mafuta. Kwa hiyo hata kabla ya kushika spana alikuwa ameshajua upande wa kuanzia.

Hata hivyo hakurukia huko. Alimwambia kijana wangu akanyage akseleta mpaka mwisho, yeye akatazama kama mkono wa pampu unaovutwa na waya wa akseleta unafika mwisho wake, kwa sababu waya ukilegea unakanyaga pedali yote huku pampu inapata nusu tu. Ulikuwa unafika. Akagusa rimu zote nne baada ya mzunguko mfupi, kutafuta breki inayoshika. Zote zilikuwa sawa. Klachi aliiondoa kwa maelezo yangu tu: klachi ikiteleza injini inapanda sauti na gari haliendi, yangu ilikuwa inashuka sauti. Akachungulia filta ya hewa, akasikiliza ekzosi. Dakika ishirini hivi, na hakuna nati hata moja iliyofunguliwa.

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kuona gereji yoyote ikinifanyia. Akachukua dumu safi la lita 5, akalijaza dizeli aliyoichuja mwenyewe, akalifunga kwa kamba lisimame wima mbali na ekzosi. Akachomoa mpira unaotoka kwenye tangi na badala yake akaweka mpira mwangavu, ule unaoona mafuta ndani, kutoka kwenye dumu. Mpira wa kurudishia mafuta nao akauingiza kwenye dumu hilohilo. Akatoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Sasa gari likawa linakunywa kwenye dumu, tangi halimo kabisa.

Akasema gari tupu halisemi kitu. Tukaazima mifuko kumi ya saruji dukani kwa jirani yake, tukapakia, tukapanda mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini. Gia ya tatu, pedali chini, mpaka juu. Halikusita hata mara moja. Nilikaribia kupiga kelele ndani ya gari. Pampu niliyoambiwa imekufa ilikuwa inapandisha nusu tani bila shida, kwa dizeli safi ya dumu la lita 5.

Tukashuka, akarudisha mpira wa tangi lakini ule mwangavu akauacha katikati kama dirisha. Tukapanda tena. Katikati ya mlima nguvu zikaanza kuondoka, tukasimama injini ikiwa inaunguruma, akaniita nitazame: mapovu yanapita kwenye mpira kama soda. Akafungua kifuniko cha tangi, hakikufyonza hewa, kwa hiyo tundu lake la kupumulia lilikuwa zima. Akachukua pampu ya tairi akapuliza kwenye bomba kurudi tangini, tukasikia mafuta yanabubujika huko nyuma, na gari likapata nguvu tena kwa dakika chache. Hapo ndipo akasema, "Sasa tushushe tangi."

Chini ya tangi kulikuwa na kutu, maji, na utando mweusi unaoteleza kama kamasi. Huo utando hutokea maji yakikaa chini ya dizeli kwa muda mrefu, vijidudu huzaliana hapo kwenye mpaka wa maji na mafuta. Chujio dogo kwenye bomba la kunyonyea lilikuwa limefunikwa lote. Gari likifanya kazi nzito, uchafu unanyonywa unaziba chujio. Ukizima, mvuto unaisha, uchafu unaanguka chini, ndiyo maana robo saa ya mapumziko ilikuwa inaliponya. Na ndiyo maana sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa, na tambarare halikusumbua: mafuta yanayohitajika pale ni kidogo.

Mapovu yalikuwa na chanzo chake. Kipande cha mpira karibu na tangi kilikuwa kimekauka na kupasuka nyufa ndogo. Nilishangaa kwa sababu sijawahi kuona tone la dizeli pale. Akanieleza kwamba kwenye injini hii pampu yenyewe ndiyo inayovuta mafuta kutoka tangini, hakuna pampu nyingine ya kusukuma huko nyuma. Ufa wa upande wa kunyonya, injini ikifanya kazi, unaingiza hewa tu na hautoi mafuta nje. Unaweza kuutazama kila siku ukaupita.

Aliosha tangi kwa dizeli mara tatu mpaka ikatoka safi, akabadilisha mipira yote ya kunyonyea na klipu zake, akaweka filta mpya. Ile ya siku chache aliipasua mbele yangu, ndani ilikuwa nyeusi. Ufundi shilingi 70,000, spea 43,000. Jumla 113,000, dhidi ya laki tisa.

Kasoro zipo, na nazisema kwa heshima. Kazi ilichukua siku mbili nzima, kwa sababu yuko peke yake na hakimbizwi. Haandiki risiti wala dhamana, ni neno lake tu. Eneo lake halina paa, mvua ikinyesha kazi inasimama, na kwa mtu anayefungua pampu hilo si jambo dogo. Usimpelekee tatizo la umeme wala gari la petroli, atakwambia mwenyewe si lake.

Huu ni mwezi wa tano tangu alitengeneze. Nimepanda Kitonga zaidi ya mara thelathini, mara nyingine na magunia manane, halijakata tena. Kutoka bondeni Ruaha Mbuyuni hadi mjini, ambako ni juu ya mita 1,500, injini isiyo na tabo lazima ipungue nguvu kidogo kwa sababu ya hewa nyepesi, na hilo nalihisi. Lakini ni kupungua kwa taratibu, kusikofanana hata kidogo na kule kukabwa ghafla. Madumu ya barabarani nimeacha. Kila Jumamosi nalegeza koki iliyo chini ya filta nimwage maji, na msimu wa baridi silazi gari tangi likiwa nusu.

Ukienda kwake, fika asubuhi mapema. Nenda na tangi la robo, maana huenda akalishusha. Na kama gari linakata nguvu likiwa na mzigo, usiushushe kwanza. Atakutuma ukatafute mwingine.