Uzoefu wangu na filamu ya Management: Mike simlaumu sana, Jango ndiye tatizo

Filamu ya Management, iliyoandikwa na kuongozwa na Stephen Belber, ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2008, kisha ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Mei 2009. Jennifer Aniston alikuwa ametoka kwenye filamu mbili zilizouza tiketi kwa wingi katika majira hayo hayo, moja ikiwa ya Desemba na nyingine ya Februari, lakini hii haikufikisha hata dola milioni 1 katika sinema za nchini humo. Niliikodi mtandaoni baada ya kusoma tahakiki zake kadhaa, na nilichotaka kukijua ni kwa nini wahakiki waligawanyika kiasi kile juu ya kisa chepesi namna hii.

Mike Cranshaw, anayeigizwa na Steve Zahn, ni mwanamume mzima ambaye bado anafanya zamu ya usiku katika moteli ya wazazi wake mjini Kingman, Arizona. Sue Claussen, ambaye ni Aniston, husafiri akiuza picha za kutundika katika kuta za mahoteli na maofisi, zile picha ambazo mgeni hulala chini yake usiku kucha na asubuhi hakumbuki zilikuwa za nini. Sue anapofikia katika moteli hiyo, Mike anambishia hodi akiwa na chupa ya mvinyo na kumwambia kuwa ni zawadi ya uongozi kwa mgeni, ilhali uongozi wenyewe ni baba na mama yake, nao hawana habari. Usiku unaofuata anarudi na chupa nyingine. Kutoka hapo mambo yanakwenda mbali: Sue anaporejea kwao Maryland, Mike anakata tiketi ya ndege na kumfuata bila kualikwa.

Hapo ndipo wahakiki walipoachana njia. Waliochukizwa walisema kuwa mwanamume anayejitokeza kazini kwa mwanamke aliyemfahamu kwa siku mbili tu hafanyi mahaba, anasumbua, na kwamba muziki laini haubadilishi jambo hilo. Walioipenda walimtegemea Zahn, wakasema kuwa upole na aibu iliyomjaa usoni inamfanya mtazamaji amhurumie badala ya kumwogopa. Mimi naona pande zote mbili zilimkazia macho Mike mno, zikamsahau Sue.

Chukua tukio la chumbani, ambalo ndilo lililozungumzwa kuliko yote. Sue amekwisha kubaini kuwa mvinyo ule ni kisingizio, anamuuliza Mike anataka nini hasa, na mazungumzo yanaishia kwa yeye kumruhusu amguse makalio, mara moja, kisha aende zake. Anageuka na kusubiri kama mtu anayetia saini fomu ili karani amwondokee. Zahn anaweka mkono na kuuacha pale pale bila kuusogeza, na Aniston, ambaye katika misimu 10 ya Friends, kipindi cha vichekesho cha runinga, tulimzoea akichekesha kwa maneno ya haraka, hapa hasemi kitu; uso wake unapita kwenye uchovu, kero, na mwishoni udadisi mdogo anaojaribu kuuficha. Dada yangu, niliyekuwa nikitazama naye, aliuliza kwa sauti kwa nini huyu mwanamke hafungi mlango. Ni swali la haki, na filamu inajitahidi kulijibu: kwa sababu ni mpweke, na kwa sababu kesho yake, kabla ya kuondoka, ni yeye anayerudi kumtafuta Mike.

Hata Maryland, Sue hamchekei. Anamweleza waziwazi kuwa alichofanya si cha kawaida, anampa mahali pa kulala, kisha anamrudisha kwao kwa basi. Baadaye anafunga safari mwenyewe kwenda Arizona. Kwa hiyo nusu ya kwanza ina watu wawili wanaotafutana, ingawa mmoja anakimbia na mwingine anatembea huku akijifanya anapita tu. Anayemjua Belber hatashangaa. Kabla ya filamu hii alijulikana kama mwandishi wa tamthilia, na tamthilia yake Tape, ambayo Richard Linklater aliigeuza filamu mwaka 2001, inatokea yote ndani ya chumba kimoja cha moteli, ambamo watu watatu wanabishana kama lililotokea zamani kati ya mvulana na msichana lilikuwa la hiari. Mwandishi wa namna hiyo hawezi kusemwa kuwa hajawahi kufikiria suala la ridhaa.

Ndiyo maana nusu ya pili ilinikera. Sue anakwenda Aberdeen, jimbo la Washington, kwa mpenzi wake wa zamani aitwaye Jango, anayeigizwa na Woody Harrelson: aliwahi kuwa shabiki wa panki, ule muziki wa roki wa kelele na uasi, sasa ni tajiri wa mtindi. Mwanamke amechagua, na amesema. Filamu ingeweza kumpa Mike mpinzani wa maana, mtu ambaye kumwacha kungemgharimu Sue kitu; badala yake inatuletea kituko mwenye hasira, ili uamuzi wa Sue uonekane hauhesabiki na Mike awe na haki ya kuendelea. Mike anaruka kwa parachuti na kutua kwenye bwawa la kuogelea la Jango, naye anapokewa kwa bunduki ya kuchezea. Nilicheka, sikatai, ila hila hii ni ile ile ya vichekesho vingi vya mapenzi: mchumba halali hufanywa mjinga ili mng'ang'anizi asionekane mkosaji. Wahakiki waliolalamika kuhusu usumbufu wangekuwa na hoja nzito zaidi kama wangeanzia hapa kuliko kwenye chupa ya mvinyo.

Waigizaji wa pembeni wanastahili sifa. Margo Martindale, mama yake Mike, ana dakika chache tu, lakini kila anapotokea akiwa mgonjwa, filamu inatulia na kuwa ya kweli. Fred Ward, baba, hunena kidogo mno na ananyamaza vizuri. James Hiroyuki Liao, anayeigiza rafiki ambaye Mike anampata katika mgahawa wa Kichina wa wazazi wake, ndiye aliyenichekesha zaidi. Sehemu ya Mike katika monasteri ya Kibuddha ingekatwa na nisingeikosa.

Nakala niliyokodi haikuwa na manukuu ya Kiswahili, na Zahn humung'unya maneno, kwa hiyo washa manukuu ya Kiingereza. Inachukua dakika 90 na ushei. Usiitazame sebuleni na wakwe. Naipa nyota 3 kati ya 5, na ingepata 4 laiti Jango angekuwa mtu.