Seti tatu za matairi, Altezza moja

Gari langu ni Altezza RS200, gia za mkono, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Siku za kazi linanitoa Raskazone hadi Pongwe, hapa Tanga, likipishana na malori ya saruji. Kila baada ya miezi mitatu minne naenda kulitesa: wenye magari kama kumi hivi tunakodi uwanja mpana wa lami, tunapanga koni, mmoja anashika saa. Huku kwetu hakuna mzunguko wa mbio kama ule wa Kyalami, Afrika Kusini, wenye kilomita nne na nusu. Tuna koni, simu ya kupimia muda na ndoo ya maji ya kunywa.

Kwa gari hilohilo nimeshafunga seti tatu za matairi, zote saizi ya 215/45R17. Ya tatu ndiyo niliyotakiwa kuanza nayo, lakini nani angeniambia nikasikia?

Ya kwanza ilikuwa mitumba ya Japani. Matairi yamepakwa dawa, meusi yanang'aa, kashata (yale matofali ya mpira yanayokanyaga barabara) zimesimama utadhani jana yametoka kiwandani. Muuzaji ananionyesha kashata, nami naangalia kashata. Siku ya koni, kona ya pili tu, nyuma kukanitoka bila hata kunipigia hodi. Nikalaumu shokapu. Nikabadilisha shokapu. Nyuma kukanitoka tena.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa pancha kule Ngamiani. Nilipita kujaza upepo tu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya umeyanunua lini?"

"Mwezi uliopita."

Akachuchumaa, akapangusa ubavu wa tairi kwa kitambaa, akaniwekea kidole kwenye tarakimu nne: 1413. Wiki ya 14, mwaka 2013. Wakati huo tuko 2022. Kisha akakandamiza ukucha wa dole gumba kwenye kashata. Ukucha haukuacha kitu. Akasogea kwenye Noah ya mteja mwingine, yenye matairi mapya, akafanya vilevile. Pale pakabaki alama nyembamba kama ya mwezi mwandamo, ikafutika taratibu.

"Mwanangu, umenunua kashata. Mpira hukununua. Haya kaoteshee mchicha."

Tangu siku hiyo, dukani naanza kusoma tarakimu hizo nne kabla sijauliza bei. Na nazisoma kwenye matairi yote manne, maana niliwahi kuletewa mawili ya mwaka mmoja na mawili ya mwaka mwingine, bei moja.

Seti ya pili nikaruka kutoka shimoni nikaenda kudandia mnazi. Nilikuwa nimejifunza kusoma ubavu wa tairi, nikajiona mtaalamu. Kuna namba Wamarekani wanaidai iandikwe kwenye matairi ya magari madogo: namba ya kulika. Tairi la kipimo ni 100, na mengine yanalinganishwa nalo. Lenye 400 linatarajiwa kudumu mara nne ya lile la 100. Wanaolipima ni watengenezaji wenyewe, kwa hiyo namba ya kampuni hii na ya kampuni ile si ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo inakupa picha: mengi ya kuendea sokoni na shuleni yako 400 na kwenda juu, ya michezo ya barabarani yako 300 na kitu, na yale ya watu wa mbio wanaotaka bado kurudi nyumbani kwa gari lilelile yako 200 au chini. Mimi nikaagiza ya 200 kupitia Dar. Jina silitaji kwa sababu kosa halikuwa la tairi, lilikuwa langu.

Uwanjani yalikuwa raha tupu. Mzunguko wa kwanza yakiwa baridi hayana habari na wewe, wa pili yanaamka, wa tatu unaingia kona kwa mwendo ambao wiki iliyopita ungekupeleka vichakani. Ukishuka unayakuta yamebeba vichangarawe na vipande vya mpira, ukigusa yananata kidoleni. Nilipunguza sekunde ambazo sikujua kama gari langu linazo. Pia yalinifichulia breki: pedali ikaanza kulala baada ya mizunguko mitano, kwa sababu sasa nilikuwa nabana kwa nguvu kuliko mafuta ya zamani ya breki yalivyoweza kuhimili. Mafuta mapya, shida ikaisha.

Halafu vuli ikaingia.

Nilikuwa natoka Segera jioni, nimeshaipita Hale naelekea Muheza. Mvua si ya kutisha, ni ile ya kawaida ya Novemba, lakini lami yetu ina mifereji miwili iliyochimbwa na malori na maji hukaa humo. Mwendo 80. Ghafla usukani ukawa mwepesi, kama gari limepandishwa jeki. Sikukanyaga breki, niliondoa mguu kwenye mafuta tu na kushikilia usukani ulivyo. Sekunde mbili labda. Lori la mbele yangu likazidi kuwa mbali, nami nikaja na 40 hadi nyumbani, nikipitwa na bodaboda zilizofunika abiria kwa nailoni.

Matairi ya aina ile yana mifereji michache, na pale yalipokuwa yameshalika hadi kubaki milimita tatu hivi hayakuwa na pa kuyapeleka maji. Hayakuundwa kwa Novemba ya Muheza. Nikapiga hesabu: kwa mwaka nakwenda uwanjani mara nne, na kila mara sizidi nusu saa ya kukimbia kwelikweli. Siku zote zilizobaki ni Pongwe, matuta, mashimo, mvua na trafiki mwenye tochi. Nilikuwa nimevaa viatu vya kuchezea mpira kwenda navyo ofisini, msikitini na harusini.

Seti ya tatu, niliyonayo sasa, ni Michelin Pilot Sport 4. Namba yake ya kulika ni 320, na ubavuni limeandikwa 91Y: kila tairi linabeba hadi kilo 615, na mwendo wake ni hadi kilomita 300 kwa saa, ambao mimi na Altezza yangu hatutauona. Bei inauma. Tairi moja lilinigharimu karibu sawa na mawili na nusu ya yale ya kawaida dukani. Kwenye mvua lakini, tofauti niliisikia mkononi siku ya kwanza: ile mifereji ya malori naivuka na usukani bado una uzito.

Uwanjani nimepoteza kidogo kulinganisha na yale ya 200, kama sekunde moja kwa mzunguko wetu mfupi. Nilichopata badala yake ni onyo. Haya yanalia kwanza, kisha yanaanza kuteleza polepole, una muda wa kurekebisha. Yale mengine yalishika, yakashika, yakaachia. Kwa mtu anayejifunza, na mimi bado najifunza, tairi linalosema mapema lina thamani kuliko sekunde.

Upepo ndio umenifundisha zaidi ya yote. Naanza na PSI 30 asubuhi gari likiwa baridi. Baada ya mizunguko mitatu kwenye joto letu la Januari napima, nakuta 37. Napunguza hadi 34. Ili kujua kama nimepatia, naomba chaki kwenye begi la shule la binti yangu, napaka mstari kutoka ukingo wa kashata kushuka ubavuni. Chaki ikifutika hadi ubavuni, upepo haukutosha, tairi linalala. Ikibaki hadi juu ya kashata, upepo umezidi. Wengine wananicheka kuona mtu mzima anachora matairi, ila wawili walishaazima chaki yangu. Usisahau kujaza tena kabla ya kurudi: zile 34 za moto, gari likipoa, zinakuwa 27.

Kasoro mbili nilizokutana nazo, na zote ni za kibinadamu. Tairi hili lina upande wa nje na wa ndani, limeandikwa kabisa ubavuni. Kijana aliyenifungia aligeuza moja, nikaligundua baada ya wiki nikiosha gari. Simama hapohapo wakati wa kufunga. Ya pili, duka moja lilitaka kunipa 215/50R17, eti "tofauti ndogo tu, bosi". Tofauti hiyo ni zaidi ya sentimita mbili za kipenyo: gari linanyanyuka, na spidomita ikisoma 50 wewe uko karibu 52. Kamweleze mwenye tochi.

Kwa sasa yametembea mwaka na miezi miwili. Nyuma zimebaki milimita tano na nusu. Mbele katikati ni tano, lakini ukingo wa nje umebaki nne, kwa sababu kwenye kona nayalaza mno. Jumamosi napeleka gari kwenye mashine ya alaimenti ili magurudumu ya mbele yainamishwe kidogo kwa ndani, kisha nitahamisha ya mbele nyuma. Chaki ninayo kwenye dashibodi.