Pampu ya kukamulia maziwa: ipi ununue Kigoma, ipi uiache dukani

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua pacha. Mtoto naye anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Sheria ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini mwalimu anayelala Ujiji na kufundisha Kidahwe hawezi kwenda na kurudi kati ya vipindi, na mwenye biashara ya dagaa Kibirizi hana mwajiri wa kumwomba ruhusa. Hapo ndipo pampu inapoulizwa, na wengi huishia kununua ile yenye boksi zuri na taa nyingi.

Sisi tunazipanga kwa maswali matatu, kwa mfuatano huu. Je, kila mahali panapopita maziwa panafunguka na kuoshwa? Spea zake zinapatikana? Umeme ukikatika, itafanya kazi? Nguvu ya mvuto inakuja baadaye, kwa sababu pampu nyingi zinazolalamikiwa kuwa "zimekufa" mota yake ni nzima kabisa. Kilichokufa ni kipande cha silikoni kidogo kuliko kidole gumba.

Kabla hujatoa hela: mkono

Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto akufundishe kukamua kwa mkono hata kama pampu umeshanunua. Kidole gumba juu, vidole viwili chini, nyuma ya chuchu kwa sentimita 2 au 3. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, halafu hamisha vidole kuzunguka titi. Usiburuze vidole juu ya ngozi, wala usivute chuchu. Kwa siku 2 au 3 za mwanzo, maziwa ya njano yakiwa machache na mazito, mkono hushinda pampu yoyote: kwenye pampu matone hayo hubaki yameganda kwenye koni, ile sehemu inayobandikwa titi. Anayekamua mara moja moja tu hahitaji kununua kitu zaidi ya bakuli safi.

Nafasi ya kwanza: pampu ya mkono yenye mpini

Kwa akina mama wengi wa hapa, hii ndiyo ya kununua. Ina koni inayokaa kwenye titi, mwili, mpini, kiwambo (utando wa silikoni unaovuta hewa), valvu (kipande kidogo cha silikoni kinachofunguka maziwa yapite na kujifunga mvuto usivuje) na chupa. Vyote vinafunguka, vyote vinachemshwa, haina waya. Mvuto unauongoza mwenyewe: binya harakaraka na kwa wepesi kwa dakika moja au mbili maziwa yaanze kushuka, kisha binya taratibu na kwa kina. Titi moja huchukua kama dakika 15. Udhaifu wake ni kiganja kuchoka, hasa kwa anayekamua mara 3 au 4 kila siku.

Medela Harmony na za Philips Avent ni mifano mizuri ya aina hii, na spea zake huuzwa peke yake. Zisizo na jina nazo zipo zinazofaa, mradi zipite jaribio la kiganja: lowesha kiganja, bandika koni, binya mpini mara 2 au 3. Ikamate, ibaki imekamata mpaka uachie mpini. Ikiachia yenyewe, kiwambo hakijakaa vizuri au plastiki imepinda. Geuza pia chupa uangalie kitako: alama ya pembetatu yenye namba 5 na herufi PP ni plastiki inayostahimili maji yanayochemka. Plastiki isiyo na alama yoyote, muuzaji akakwambia "osha na maji ya uvuguvugu tu", iache hapohapo.

Nafasi ya pili: ya umeme, ya matiti mawili, yenye betri

Kwa anayekaa mbali na mtoto saa 8 au zaidi kila siku ya kazi, hii inapanda iwe ya kwanza. Matiti yote mawili yanamalizika kwa dakika 15 hadi 20, ambao ni muda wa chai ofisini. Lakini usichukue yoyote.

Chagua yenye mfumo uliofungwa, yaani kuna kiwambo kati ya maziwa na mrija unaokwenda kwenye mota. Kwenye mfumo ulio wazi, maziwa au mvuke wake unaweza kufika ndani ya mota, na humo hakuna brashi wala maji ya moto yatakayofika. Ukungu ukiota huko, hutauona. Ndiyo maana hatushauri pampu ya umeme ya mtumba, hata ikiwa imebadilishwa koni na mrija: huwezi kujua kilichoingia ndani, na virusi na bakteria hupita kwenye maziwa. Pampu za kutumiwa na watu wengi hospitalini zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ya jirani haikutengenezwa hivyo.

Kisha soma maandishi madogo kwenye chaja. Yaseme 100–240V. Yakisema 110V au 120V peke yake, hiyo ni ya soko la Marekani, na umeme wetu wa 230V utaiunguza siku ya kwanza. Za kuchaji kwa USB zina faida kubwa: zinakubali pawabenki, na hata sola ndogo yenye tundu la USB, jambo linalowahusu sana wa vijiji vya mwambao.

Pampu ya umeme ya titi moja sisi hatuioni faida yake. Inakula muda uleule wa pampu ya mkono, na inakuongezea mambo ya kuharibika.

Nafasi ya tatu: kikombe cha silikoni

Kipande kimoja, kinabanwa na kubandikwa titi la pili wakati mtoto ananyonya la kwanza. Kinadaka maziwa ambayo yangelowesha nguo. Haakaa ndiyo jina linalojulikana, na zinazofanana nayo ni nyingi. Ni rahisi kuosha kuliko zote, ila hakikamui kwa maana halisi. Ni cha kuongezea juu ya pampu. Mtoto mchanga hupenda kurusha mguu, kikamwagika.

Za kuvaa ndani ya sidiria tunaziweka chini yake. Zinapendeza, ila vipande vidogo ni vingi, spea ni za kampuni moja tu, na kwa hapa Kigoma kipande kikipotea umesubiri mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam.

Ya mwisho, isiyofaa hata kwa zawadi, ni ile ya balbu ya mpira yenye umbo la honi ya baiskeli. Maziwa hurudi ndani ya balbu, balbu haifunguki, na mvuto wake hauna kipimo, unaumiza titi.

Koni kubwa si sifa

Nyingi huja na koni yenye tundu la milimita 24 au 28, na wanawake wengi zinawazidi. Pima upana wa chuchu yenyewe kwa rula, si ule weusi unaoizunguka, kisha ongeza kati ya milimita 0 na 3. Chuchu ya milimita 18 inataka koni ya 18 hadi 21. Kubwa mno huvuta weusi ndani ya tundu na titi hubaki na maziwa. Ndogo mno huikwaruza chuchu mpaka ipauke. Zipo pete za silikoni za kupunguza tundu, bei yake ndogo, na mara nyingi ndizo zinazogeuza pampu "mbovu" kuwa nzuri. Ikikwaruza, lowesha kwa tone la maziwa. Usipake mawese: mafuta hung'ang'ania silikoni na kuziba mwanya wa valvu.

Mvuto ukipungua

Anza na valvu. Iinue kwenye mwanga: midomo yake ifungane kabisa. Ikiachana hata kwa unene wa unywele, mvuto unavuja hapo. Kwa anayekamua mara kadhaa kila siku, ibadilishe kila baada ya mwezi mmoja hadi miwili, hivyo nunua spea mbili siku unayonunua pampu. Ikiwa nzima, kagua kama kiwambo kina maji, mrija umelegea, au chaji imeshuka. Matone ya mvuke ndani ya mrija hukauka ukiiacha pampu iendelee kuvuta hewa dakika 2 au 3 bila koni. Vidoti vyeusi ni ukungu. Mrija huo unatupwa, hauoshwi.

Kuosha, na kwa nini kulowesha tu hakutoshi

Mwaka 2016 nchini Marekani mtoto njiti alipata maambukizi ya bakteria aitwaye Cronobacter, na bakteria huyo akakutwa kwenye vifaa vya pampu. Vifaa hivyo vilikuwa vikiloweshwa kwenye maji ya sabuni kwa saa nyingi bila kusuguliwa wala kuchemshwa. Sabuni iliyopoa yenye mabaki ya maziwa ni chakula cha bakteria.

Kila baada ya kukamua, nawa mikono, fungua kila kipande, suuza kwa maji ya baridi kwanza. Kisha tumia beseni na brashi vya pampu peke yake, visivyogusana na vyombo vya dagaa, pamoja na maji ya moto na sabuni ya maji. Valvu usiitie brashi wala kijiti. Ibane pembeni kwa vidole ifunguke, maji yapite. Suuza, tandaza juu ya kitambaa safi, funika kwa chandarua cha chakula, na uache hewa ikaushe. Usifute kwa taulo ya jikoni, wala usifungie kwenye kopo vikiwa vibichi.

Mara moja kwa siku, hasa mtoto akiwa chini ya miezi 2 au alizaliwa njiti, chemsha dakika 5 tangu maji yaanze kutokota, vipande vyote vikiwa vimezama. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, kwenye kitako, kabla ya kutia vipande. Kwenye jiko la mkaa kitako hupata moto kuliko maji, na plastiki ikikigusa inapinda. Mota, betri na mrija havichemshwi. Maji ya bomba mjini yanatoka ziwani na yana madini, kwa hiyo baada ya muda utaona utando mweupe. Si maziwa. Loweka nusu saa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha suuza.

Maziwa yenyewe hukaa saa 4 kwenye nyuzi 25 au chini yake, na mchana wa Kigoma chumba hupita hapo kirahisi. Panga saa 24 kwenye kipoza chenye barafu, siku 4 kwenye friji. Usilipie zaidi seti yenye chupa nne na nyonyo: kikombe kidogo kisicho na mdomo kinamnywesha mtoto na kinaoshwa vizuri zaidi.

Ukiagiza mtandaoni, kabla ya kutuma hela mwombe muuzaji picha tatu: maandishi ya chaja, kitako cha chupa, na vipande vyote vikiwa vimefunguliwa mezani. Muulize pia bei ya valvu peke yake. Asiyejua valvu ni nini hataweza kukuletea ya pili.