Safari ya Antarctica "kwa kipimo chako": unalipia nini hasa ukitokea Lubumbashi

Fundi wa suti hukupima kwanza ndipo akate kitambaa. Mwenye duka hukuvalisha iliyopo, halafu anapunguza mikono. Huduma nyingi zinazouza Antarctica "kwa kipimo chako" ni duka: ndege au meli ina ratiba yake, kambi ina vitanda vyake, wewe unachagua chumba tu. Si wizi, ila usilipie ushonaji pale ambapo sindano haikupita. Kwa mtu wa L'shi, mpangaji anastahili pesa yake kwenye mambo matatu: mwezi, viza na siku za kungojea.

Kwanza mlango, yaani mji wa kuondokea kwenda Antarctica. Wengi huonyeshwa Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, maana meli nyingi huanzia pale na bei ndiyo nafuu kuliko zote. Nafuu hiyo ina deni lake: Atlantiki nzima ya kuvuka kwa ndege, kisha siku mbili hivi za Mlango wa Drake kwenda na mbili kurudi, bahari isiyo na huruma kwa tumbo. Ukipitia Punta Arenas, Chile, unaikwepa Drake kwa ndege ya saa mbili hivi hadi kisiwa cha King George, kando ya Antarctica, lakini ukungu ukishuka juu ya uwanja ule wa changarawe, hakuna kuruka.

Cape Town ndiyo mlango wetu. Uwanja wa Luano hapa Lubumbashi, Johannesburg, Cape Town, kisha saa tano au sita angani hadi Queen Maud Land, upande wa Antarctica unaoelekea Afrika, na ndege inatua juu ya barafu ya buluu, ngumu kama sakafu kwa kuwa upepo umeifagia theluji yote. Uwanja wa Wolf's Fang ni wa aina hiyo. Airbus A340 ilitua pale Novemba 2021. Safari ya kulala kambini hapa inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na haina bei ya mnyonge. Lakini ndiko kipimo kina maana: vikundi ni vidogo, na ndege ndogo za ndani zinapangika kwa matakwa yako. Unaweza kuchukua milima peke yake, au kuongeza Ncha ya Kusini, iliyo mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, ambako hata kiangazi baridi hufika nyuzi 25 chini ya sifuri na kupita.

Au pengwini wa Atka Bay, wale wakubwa kuliko pengwini wote. Hapo ndipo mpangaji mzuri anajulikana. Nenda Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Baadaye vifaranga huota manyoya ya kuogelea na kuondoka, na barafu ya bahari inayowabeba huvunjika. Jua la Desemba na Januari, lisilozama usiku wala mchana, hulainisha pia viwanja vya barafu. Anayekuuzia pengwini hao mwishoni mwa Januari, mrudishie kalamu yake.

Kwenye viza ndiko watu huteleza zaidi. Antarctica haigongi muhuri wa mtu, kwa hiyo wengi hudhani hawajatoka popote. Ukiruka kutoka Cape Town umetoka Afrika Kusini, na ukirudi unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja inakukwamisha kwenye dirisha la uhamiaji. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi, na Argentina na Chile uziombe vivyo hivyo. Kadi ya njano nayo huanza kuhesabika siku 10 baada ya chanjo ya homa ya manjano.

Halafu uliza kibali. Kongo haimo katika Mkataba wa Antarctica wa 1959, hivyo usitegemee karatasi ya Kinshasa. Ni kampuni inayokupeleka ndiyo iwe na ruhusa ya nchi iliyomo. Jibu sahihi ni jina la nchi na karatasi ya kuonyesha. Kwa meli, uliza kama imo katika IAATO, chama cha kampuni za utalii wa Antarctica kilichoanza 1991. Kanuni zake ni wazi: watu wasiozidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, na meli ya abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Barafu utaitazamia sitahani.

Siku za kungojea ziandikwe kwenye mkataba. Rubani anafuata hali ya hewa, si kalenda yako. Weka siku tatu au nne tupu upande wa kurudi, tiketi ya Luano iwe ya kubadilishika, na ijulikane nani analipa hoteli ya Cape Town. Asiransi itaje Antarctica kwa jina na gharama ya kukutoa barafuni. Ile ya kazini, hata ya kampuni kubwa ya madini, isome mpaka mstari wa mwisho.

Kuhusu mavazi, neno moja kwa watu wa migodi: buti zenu zenye chuma puani ni nzuri kwa jiwe, si kwa barafu. Chuma hunyonya joto la vidole. Chukua buti za baridi zenye nafasi ya soksi nene, sufu mwilini badala ya pamba inayoshika jasho, na miwani ya giza ya daraja la 4. Udongo wetu mwekundu usipande ndege: sugua soli, toa mbegu kwenye mifuko na vibandiko vya nguo, maana kila kitu kinakaguliwa. Karibu na wanyama hutakaa chini wala kupiga magoti, kwa sababu ya homa ya ndege. Na kapenta zako zibaki Cape Town.

Mwisho pesa. Malipo kamili mara nyingi hudaiwa miezi mitatu au minne kabla ya kuondoka, na viza inaweza kukataliwa baada ya hapo. Dai kifungu kinachosema kiasi gani kinarudi viza ikikataliwa, na hesabu iwe kwa dola, si kwa "itategemea". Kikikosekana, usisaini.