Uzoefu wangu na meki ya shaba ya betri ya 21700: pini, ngozi ya betri na hesabu ya ohmu

Kifaa ninachokizungumzia ni vepu (sigara ya kielektroniki) ya mekanika, au meki kama watumiaji wanavyoiita: bomba la shaba nyekundu linalobeba betri moja ya ukubwa wa 21700, kofia ya haibridi juu, swichi chini ya kitako yenye pete ya kufungia. Ndani hakuna chipu, fyuzi wala skrini. Ukibonyeza, umeme unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye koili, waya unaopata moto na kugeuza juisi kuwa mvuke, na kinachoamua utapita kiasi gani ni waya uliousokota mwenyewe. Kwa mtu mwenye mita ya ohmu na anayejua kusoma maandishi ya betri, hiki ni chombo imara, hakina kitu cha kuungua ndani, na mvuke wake ni mzito na wa haraka. Asiye na mita asikichukue hata akipewa bure. Na kama hutumii nikotini, usianzie hapa. Ni kitu kinachomshika mtu.

Jambo la kwanza kukagua ni pini ya 510 (thredi ya kawaida ya vepu) iliyo chini ya atomaiza, sehemu ya juu inayobeba koili, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Kofia ya haibridi haina pini yake. Kichwa cha betri kinagusa pini ya atomaiza bila kitu kati. Kama pini hiyo haijatokeza kupita ukingo wa thredi, kichwa chanya cha betri kitaukalia ukingo wenyewe, nao umeungana na bomba zima. Ukibonyeza swichi hapo, koili imerukwa: ni shoti kamili, mamia ya ampea papo hapo, na betri inaanza kutoa gesi ndani ya bomba lililofungwa pande zote.

Jinsi ninavyopima: nasimamisha atomaiza juu ya kipande cha kioo, pini ikiangalia chini, kisha naisukuma pembeni kwa kidole. Ikiyumba juu ya pini kama pia inayotaka kuanguka, pini imetokeza. Ikikaa tuli, imekalia thredi, na atomaiza hiyo haifai kwa haibridi hata kama ni ya bei kubwa. Nataka pini itokeze angalau unene wa kadi ya benki, na nikiibonyeza kwa ukucha isirudi ndani hata kidogo. Pini ya springi haifai. Pini iliyoshikwa na kipete laini cha mpira nayo naikwepa, kwa sababu mpira ukipata joto mara nyingi unalegea na pini inazama taratibu bila wewe kujua. Tangi nyingi za kawaida, zile za koili za kununua, zimetengenezwa kwa vifaa vyenye chipu na pini zake ni fupi.

Ngozi ya betri ndiyo ya pili. Watu wengi hawajui kwamba mwili wote wa betri, kuanzia kitako hadi bega linalozunguka kichwa chanya, ni upande hasi. Kinachoutenga na bomba ni plastiki nyembamba tu, na pale juu kuna kipete cha kuhami kinachotenga bega na kichwa. Kwenye meki, swichi inakata upande hasi. Kwa hiyo plastiki ikichanika pembeni na mwili ukagusa bomba, swichi imerukwa na koili inawaka yenyewe, hata mfukoni, hata pete ikiwa imefungwa. Kipete cha juu kikipasuka ni hatari zaidi, kwa sababu chanya na hasi hapo zinatengana kwa milimita chache. Kabla ya kuingiza betri naizungusha chini ya taa na kupitisha ukucha kwenye ukingo wa juu. Ukucha ukikwama mahali, betri haiingii. Ngozi mpya za kupasha moto na vipete vyake ni bei ndogo sana, na kazi ya kubadilisha ni ya dakika tano.

Sasa hesabu. Betri iliyojaa ina volti 4.2, na ndiyo namba ya kutumia, si 3.7 iliyoandikwa pembeni. Ampea ni volti gawanya kwa ohmu. Koili ya 0.3 inavuta ampea 14. Ya 0.25 inavuta 16.8, karibu wati 70. Ya 0.2 inavuta 21. Ya 0.15 inavuta 28. Koili mbili pamoja zinagawa ohmu: mbili za 0.5 zinakupa 0.25, na hapa wengi hukosea kwa kupima moja na kusahau ya pili. Namba unayoilinganisha nayo ni mkondo wa mfululizo, si ule wa kilele unaoandikwa kwa herufi kubwa. Samsung 25R ni ampea 20. Samsung 30Q ni 15 ingawa ina mAh, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, nyingi zaidi. Sony VTC5A ni 25. Hizo ni za 18650, ukubwa mdogo kuliko 21700. Kwenye 21700 natumia Molicel P42A ya mAh 4200. Mtengenezaji anaiandika ampea 45, mimi naihesabu 30 na sivuki 20. Koili yangu ni kati ya 0.22 na 0.3, na sioni sababu ya kushuka zaidi. Chini ya hapo unapata joto, mvuke hauongezeki kwa kiasi cha kuleta tofauti.

Betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9900, zile zinazokuja na tochi, ni uongo mtupu. Zilizo bora kabisa za ukubwa huo hazifiki hata nusu ya namba hiyo. Aliyedanganya kwenye mAh amedanganya kwenye ampea pia. Za kung'oa kwenye laptopu nazo hazikuundwa kwa mkondo mkubwa.

Koili mpya siiwashi kwanza kwenye meki. Naipima kwenye kifaa chenye chipu au kwenye mita, nikikaza skrubu na kupima tena. Namba ikirukaruka, mfano 0.24 kisha 0.31, skrubu imelegea au mguu wa waya umekatwa vibaya na unagusa kitako. Natumia waya wa kanthali au wa nikromu. Waya wa nikeli na wa titani haiguswi kwenye meki. Kubana koili ili iwake sawasawa nafanya kwa kibano cha seramiki, kidole kikiwa nje ya swichi.

Mpangilio wa kufunga: pete ya swichi imefungwa, atomaiza inakazwa hadi mwisho, betri inaingia, kisha kitako. Tikisa karibu na sikio. Betri ikigonga, bado haijashikwa. Rekebisha kitako, usiilegeze atomaiza ili kuifikia betri. Bomba zuri lina matundu ya kutolea gesi. Langu lina matatu kwenye kitako. Bomba lisilo na tundu lolote usinunue. Vifo viwili vilivyojulikana sana Marekani, cha St. Petersburg, Florida, Mei 2018, na cha Fort Worth, Texas, Januari 2019, vilitokana na vepu kulipuka na vipande vyake kumpiga mtumiaji usoni na shingoni. Vilikuwa vifaa vya aina hii.

Kasoro za kila siku ni chache. Kifaa kikipoa nguvu ghafla, kwanza pima betri. Ikiwa imeshuka hadi 3.6 ikiwa imepumzika, badilisha. Hakuna taa ya kukuonya, mvuke unaodhoofika ndio onyo. Betri ikiwa imejaa na bado kifaa ni dhaifu, fungua kitako uangalie mguso wa swichi. Utaona doa jeusi dogo kama kichwa cha kiberiti, limechomwa na cheche za kila unapobonyeza. Lisugue kwa kifutio cha penseli mpaka shaba ing'ae, kisha pangusa kwa spiriti. Thredi nazo zinabeba umeme, kwa hiyo zikiwa na uchafu kijivu zinakula volti. Nazipangusa kila wiki kwa pamba yenye spiriti, bila grisi. Nje unaweza kusugua kwa ndimu na chumvi au ukwaju, kama shaba za nyumbani, lakini bomba liwe tupu, lisuuzwe na likauke kabisa, maana chumvi ikibaki kwenye thredi inazila.

Kitufe kikipata moto wakati bomba ni baridi, tatizo ni mguso huo huo. Bomba zima likipata moto, acha mara moja: ama koili inavuta kuliko betri inavyoweza, ama kuna shoti. Swichi ikikwama ndani, legeza kitako haraka kama bado kinashikika. Ukisikia mlio wa gesi, usijaribu kuokoa chochote. Kitupe nje kwenye mchanga au sakafu ya saruji, sogeza watu. Swichi ya langu ni ya springi. Baada ya miezi kadhaa ilianza kurudi kwa uzito, kama kuna mchanga ndani, na chanzo kilikuwa juisi iliyoganda. Nilimaliza kwa kuoshea maji ya moto na kukausha. Ya sumaku inarudi laini zaidi, ila sumaku hudhoofika kwa joto.

Alama ninayompunguzia mtengenezaji ni kwa pete ya kufungia. Inageuka kirahisi mno, na nimeikuta imefunguka yenyewe kwenye begi. Kwa hiyo siitegemei. Nikisafiri betri inatoka ndani ya bomba na kukaa kwenye kiboksi cha plastiki, mbali na funguo na sarafu, na siiachi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwenye ndege vyote viwili vinakwenda kwenye mkoba wa mkononi, si mzigo wa chini. Anayeelekea Uganda akumbuke kwamba sheria ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku kuingiza na kuuza vifaa hivi.

Chaja ni ya nje, ampea 1 hadi 2 kwa 21700, juu ya kigae na si kitandani, na naitoa ikijaa.